Afya ya Nyumbani: Pumzi za Mzamiaji

Huku Bweni, kaskazini mwa Mafia, wako wazamiao baharini kwa pumzi ya kifua tu. Wengine hutanguliza pumzi nyingi za haraka, wakidhani zawaongezea nguvu. Sivyo. Oksijeni haizidi sana mwilini; itokayo ni hewa ya kaboni, nayo ndiyo mlinzi atuonyaye kwamba yatupasa kupumua. Mlinzi huyo akiisha kufukuzwa, mtu huzimia majini pasipo onyo, akafa maji. Hata nchi kavu vidole hufa ganzi na mikono hukakamaa. Aliyesimama aweza kuanguka akaumia. Basi, wazazi na waalimu, waonyeni vijana: wapumue polepole, wapumzike kati ya mizamio, wala asizamie mtu bila mwenzake kumtazama.