Mgonjwa ni Maji

Wako wafugaji wa samaki ambao, wakimwona samaki mmoja amekunja mapezi yake na kujitenga pembeni mwa tangi la kioo, hawaulizi neno ila moja: dawa gani? Muuzaji wa duka, naye, hana jibu ila moja: chupa. Chupa hufunguliwa, matone huhesabiwa, maji hugeuka samawati au kijani, na mwenye nyumba huenda kulala na moyo mweupe kwa sababu ametenda jambo. Asubuhi hukuta wamekufa wawili ambapo jana aliugua mmoja. Husema maradhi yalikuwa makali. Mimi nasema kwamba aghalabu maradhi hayakuwa makali. Mkono ndio uliokuwa mwepesi. Makala haya yanaipinga chupa hiyo, si kwa kuwa dawa haina kazi duniani, bali kwa kuwa imepewa nafasi ya kwanza mahali ambapo haki yake ni nafasi ya mwisho.

Nianze na neno lenyewe, maana kazi yangu ni maneno. Katika Kiswahili dawa ni jina la vitu viwili visivyopatana. Dawa ya kichwa humponya mwenye kichwa; dawa ya panya haimponyi panya. Dawa ya homa humwinua mgonjwa kitandani. Dawa ya mende humlaza mende chali. Msemaji wa Kiswahili hapotei kati ya maana hizi mbili, kwa kuwa anajua nani anayetibiwa na nani akusudiwaye kufa. Lakini katika tangi la kioo atibiwaye na akusudiwaye kufa wamo katika maji yale yale. Dawa nyingi za samaki ni ndugu wa dawa ya panya: ni sumu iliyopimwa, nayo humwagwa kwa tumaini kwamba kimelea kitakufa kabla ya samaki. Shaba huua vimelea. Huua pia konokono na kamba, na ikizidi kipimo humwua samaki mwenyewe. Rangi ya kijani iitwayo malakiti ni kali hata imekatazwa kwa samaki wa kuliwa katika nchi za Ulaya na Marekani. Methilini ya samawati ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1876, na mwaka 1891 Paul Ehrlich aliijaribu kwa wagonjwa wa malaria. Ina sifa zake, walakini ikimwagwa ndani ya tangi hudhuru pia vijidudu vyema ambavyo uhai wa tangi umevitegemea. Mtu amwagaye chupa kwa ajili ya samaki mmoja amewanywesha wote, na nyumba yao pamoja nao.

Vijidudu hivyo ni vipi? Hapa ndipo penye shina la ugomvi wangu na wapenda chupa. Samaki hutoa amonia, zaidi kwa njia ya matamvua yake. Ziwani amonia hupotea katika wingi wa maji. Katika tangi la lita 100 haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni vijidudu vikaavyo katika chujio na juu ya changarawe. Vya kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Vya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo mno isipozidi. Sergei Winogradsky aliieleza kazi ya vijidudu hivi yapata mwaka 1890, basi si habari ya jana. Tangi jipya halinavyo vya kutosha. Huhitaji wiki 4 hadi 6, pengine na zaidi, mpaka vienee. Mtu anunuaye tangi Jumamosi na kulijaza samaki Jumapili hakuwajengea nyumba, amewafungia chooni.

Mtazame sasa samaki aliyeungua matamvua kwa amonia. Hupanda juu kutweta, hukunja mapezi, huacha chakula, na ngozi yake hutoa ute mwingi. Mtazame aliyeingiwa na nitriti: damu yake huelekea rangi ya kahawia kwa kuwa haiwezi tena kubeba oksijeni ipasavyo, naye hutweta hata katika maji yenye hewa tele. Dalili zote hizi zaweza kusomwa kuwa ni maradhi, na muuzaji atazitafutia chupa. Ikiwa chupa ni ile idhuruyo vijidudu vya chujio, amonia huongezeka. Amonia ikiongezeka, dalili huzidi. Dalili zikizidi, hununuliwa chupa ya pili. Hii ni biashara ambayo kushindwa kwake ndiko faida yake.

Wahenga walisema, Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni neno jema kwa ndugu waliokosana, lakini kwa samaki ni neno la hatari, maana kwake yaliyopita ndiyo ndwele. Wiki iliyopita waliongezwa samaki sita kwa mara moja. Juzi umeme ulikatika usiku kucha, maji yakasimama ndani ya chujio, na vijidudu vikakosa hewa. Jana chujio lilioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka likang'aa, na usafi ule ukawa mauaji ya vile viishivyo ndani yake. Mtoto wa nyumba alimwaga nusu kopo ya chakula kwa upendo. Mganga asiyeuliza habari za siku 14 zilizopita hagangi kitu, anabahatisha. Vifaa vya kupima amonia, nitriti na nitrati ni matone machache katika kichupa cha maji, na jibu lake hupatikana kwa dakika chache. Asiyekuwa navyo asijiite mfugaji. Ni mtazamaji tu.

Tena jambo hili latuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa njia ya pekee. Samaki wengi wazuri wa matangi ya Ulaya na Marekani asili yao ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Na katika miji yetu pia wako wanaowafuga sebuleni na maofisini. Maji ya Tanganyika yana tabia ya magadi, pH yake ikiwa karibu 9, na mfugaji mwangalifu hujitahidi kuyafanya maji yake yafanane nayo. Lakini ukali wa amonia hufuata pH. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, maji yakiwa na pH 7, katika kila sehemu 1000 za amonia yote iliyomo ni sehemu 6 hivi zilizo katika umbo lile kali. Maji yakiwa na pH 9, sehemu hizo hupata 360. Uchafu ni ule ule, lakini ukali umezidi mara 60. Kwa hiyo samaki wa Tanganyika ndiye mwenye haki kuliko wote ya kupimiwa maji kwanza. Wa ukoo wa Tropheus, wakwaruzaji wa mwani katika miamba ya ziwa, wana utumbo mrefu wa mla majani. Wakishindiliwa vyakula vizito vya nyama hupata msiba wa tumbo ambao chupa haiuondoi. Na wako furu wa Ziwa Viktoria, ambao baada ya sangara kupandwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 walipungua vibaya mno. Baadhi yao leo hulelewa katika matangi ya mbali huku kwao hawaonekani. Kwa viumbe kama hawa kumwaga matone bila kujua si kosa la mchezo.

Atasema mtu kwamba nayakana maradhi. Siyakani. Yako madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, yaletwayo na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, na ukiyaacha yaweza kumaliza tangi zima. Lakini hata hapa mshindi si chupa, ni maarifa. Kimelea hiki kikiwa chini ya ngozi ya samaki hakifikiwi na dawa ya majini. Kikishiba hudondoka, hujifunika ganda, na ndani yake hugawanyika kuwa mamia. Watoto hao hutoka kuogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili hufa. Ni katika safari hiyo fupi tu dawa huweza kuwakamata. Basi amwagaye mara moja, akayaona madoa yametoweka kesho yake na kumshukuru muuzaji, amedanganyika: madoa yametoweka kwa kuwa vimelea vimeshuka kuzaa. Katika joto la nyuzi 25 duara hili lote halizidi wiki sana. Katika baridi huchukua wiki nyingi. Ajuaye hayo atalinda joto la maji, atayabadili, ataongeza hewa, na kama dawa ni lazima ataidumisha mpaka kizazi cha mwisho kipite. Asiyejua atainunua tena na tena, na kila mara ataisifu.

Liko na jambo kubwa kuliko tangi. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, amoksisilini na antibiotiki nyingine ziliuzwa kwa jina la dawa za samaki bila cheti cha daktari wala cha mganga wa mifugo, hata wakatokea watu waliozinunua na kuzimeza wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 ndipo mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilipowaandikia wauzaji kadhaa barua za onyo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya katika mwezi wa Desemba 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba dawa ikitumiwa pungufu huvifundisha vijidudu kuistahimili. Na ni nini kipimo pungufu kama si kidonge kilichopondwa na kunyunyizwa katika lita 100 za maji kwa ajili ya ugonjwa usiojulikana jina lake?

Wengine watasema, haya yote ya nini? Ni samaki tu. Hoja hii sina heshima nayo. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, katika Uskoti, walionyesha kwamba trauti ana mishipa ya fahamu midomoni ipokeayo maumivu. Na alipodungwa siki kali au sumu ya nyuki aliacha kula kwa saa kadhaa, na wale wa siki wakasugua midomo yao katika changarawe. Lakini hata kama jaribio hilo lisingalikuwapo, hoja ingalisimama. Samaki wa mtoni akichukizwa na maji huhama. Samaki wa tangini hawezi. Hewa yake, joto lake, chakula chake na choo chake vimo mikononi mwetu. Aliyemnyima kiumbe njia ya kukimbia amejitwika mzigo wa kumtunza, na mzigo huo haupungui kwa sababu kiumbe ni mdogo au alinunuliwa kwa bei rahisi.

Mzigo huo unafika hata mautini. Yako maradhi yasiyoponyeka, na mgonjwa wa hivyo hutupwa chooni angali hai au huachwa agaagae juani. Hakuna haja ya ukatili huo. Mafuta ya karafuu, zao lililoijengea Unguja na Pemba jina duniani, yana kiini kiitwacho eujenoli, ambacho kwa kipimo kidogo humlaza samaki usingizi, na kwa kipimo kikubwa humwua akiwa usingizini. Chama cha waganga wa mifugo cha Marekani kinakihesabu katika njia zinazokubalika. Afadhali tone hilo, likitiwa kwa kujua, kuliko chupa kumi za kubahatisha.

Yafaa pia tukumbuke kwamba ufugaji huu haukuanza kwa chupa. Robert Warington, aliyeeleza jaribio lake mwaka 1850 huko London, alikuwa mkemia wa chama cha watengeneza dawa. Kama yuko mtu aliyekuwa na chupa karibu na mkono, ni yeye. Aliweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa majini; majani yalipooza na maji kuchafuka, hakumimina kitu. Alitafuta kisa cha uchafu, akatia konokono wale majani yaliyooza, na maji yakatakata. Mkemia aliyatibu maji kwa konokono. Nasi tusio wakemia twamtibu samaki kwa kemia.

Basi nataka mpango ugeuzwe. Kwanza yapimwe maji. Pili ibadilishwe robo au theluthi yake kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile. Tatu iongezwe hewa na upunguzwe mlo. Nne mgonjwa atengwe katika chombo chake, ili dawa, kama itakuja, isiwanyweshe wazima wala isilidhuru chujio. Tano litafutwe jina la ugonjwa kwa anayeujua, na hapo ndipo chupa ifunguliwe. Muuzaji atakaye kuitwa mwungwana asitoe chupa yoyote kabla ya kuuliza: maji yako yamepimwa? Lugha yetu inacho kitenzi cha kazi hii, nacho kilikuwapo kabla ya maduka yote: kuuguza. Mganga huja na dawa yake akaenda zake. Mwuguzaji humwekea mgonjwa maji safi, humpunguzia kelele, hutazama pumzi yake, na hukesha. Mfugaji wa samaki ajifunze kwanza kuuguza.