Mtakatifu Wako ni Nani, na Unasoma Nini?



Wapendwa wanaparokia, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo linalowahusu vijana wetu, na ambalo kwa kweli linatuhusu sisi wazazi, walezi na wachungaji wao hata zaidi. Katika parokia zetu nyingi kijana anajulikana kwa kazi za mikono yake. Ndiye anayepanga viti siku ya harusi, anayebeba vipaza sauti siku ya maandamano ya Ekaristi Takatifu, anayeimba kwaya, anayechangishwa na kutumwa kuchangisha. Kazi hizo ni njema, na Mungu atamlipa. Lakini ni mara ngapi tumemketisha tukamwuliza: Ni mtakatifu gani anayekugusa moyo, na kwa nini? Unasoma nini siku hizi? Imani yako inakusaidiaje unapokuwa peke yako? Kwa maoni yangu maswali haya matatu, yakiulizwa na vijana wenyewe kwa wenyewe, yana uzito kuliko mikutano mingi tunayowaitia.

Tuanze na jina tu la ubatizo au la kipaimara. Kijana anaitwa Kizito, au Agnesi, au Bakhita. Ukimwuliza msimamizi wake alikuwa mtu wa namna gani, mara nyingi atakujibu kwamba jina hilo alipewa na bibi yake, na maelezo yanaishia hapo. Mtakatifu amebaki kwenye cheti, pembeni ya mhuri wa parokia. Hali hii inafanana na ya mtoto aliyeachiwa shamba na babu yake bila kuonyeshwa mipaka. Urithi anao, ila hajui aanzie wapi kulima.

Wapo watakaosema kwamba kumweleza kijana habari za imani ni kazi ya padre na katekista. Ni kazi yetu, naam, na ole wetu tusipoifanya. Lakini historia ya Kanisa katika nchi zetu za Afrika Mashariki inatufundisha kwamba haijapata kuwa kazi yetu peke yetu. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 walilazimika kuondoka, wakavuka Ziwa Viktoria kwenda upande wa kusini ambao leo ni Tanzania, na hawakurudi hadi mwaka 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu waamini wachache waliobaki hawakuwa na padre, wala Misa, wala maungamo. Je, imani ilikufa? La hasha. Akina Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba Kalemba waliendelea kusali na kuwafundisha wengine yale waliyoyapokea. Mapadre waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta watu wanaosali na wengine wanaoomba ubatizo.

Tena kuna jambo ambalo vijana wanapaswa kulijua. Waganda waliwaita wafuasi hao wa dini mpya “abasomi”, yaani wasomaji. Kushika dini na kusoma vilikuwa kitu kimoja machoni pa watu. Mkristo alitambulika kwa kuwa mtu mwenye kusoma, na aliyekwisha kujifunza alimfundisha asiyejua. Leo watoto wetu karibu wote wamepita shule, lakini sijui kama kuna jirani ambaye angetupa sisi Wakatoliki jina hilo la wasomaji.

Mwamfahamu Mtakatifu Denis Ssebuggwawo? Alikuwa kijana wa umri wa miaka kama 16, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alirudi kutoka kuwinda akakuta vijana wake wa ikulu hawapo. Denis alipoulizwa alikokuwa na alichokuwa akifanya na mwenzake Mwafu, hakuficha: alikuwa akimfundisha dini. Alipigwa kwa mkuki papo hapo, na kesho yake akauawa. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kwamba kijana alimweleza kijana mwenzake habari za Yesu. Usiku uleule Karoli Lwanga, akijua kinachokuja, aliwabatiza wakatekumeni aliokuwa nao, miongoni mwao Kizito wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto pale Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Na wasije vijana wakadhani kwamba habari hiyo ilianza na kuishia Buganda. Mwaka 1918, huko Paimol kaskazini mwa Uganda, waliuawa makatekista wawili Waacholi, Daudi Okelo na Jildo Irwa. Daudi alikuwa kijana, na Jildo alikuwa bado mtoto. Kosa lao pia lilikuwa kufundisha. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenyeheri mwaka 2002.

Huo ndio mwendo wa imani tangu mwanzo. Andrea alipomwona Bwana hakusubiri kuwa mtaalamu, alikwenda kumtafuta ndugu yake Simoni akamleta kwa Yesu (taz. Yn 1:40-42). Hata mwalimu mkubwa wa Kanisa, Mtakatifu Augustino, ni matunda ya mnyororo wa namna hiyo. Mtakatifu Antoni wa Misri alisikia Injili ikisomwa kanisani akaacha mali zake. Mtakatifu Atanasi akaandika maisha yake. Maafisa wawili wa serikali ya Kirumi wakakikuta kitabu hicho katika nyumba moja mjini Trier, wakakisoma, wakaacha utumishi wa Kaisari wapate kumtumikia Mungu. Ndipo Ponticianus, Mwafrika mwenzake Augustino, alipomtembelea huko Milano mwaka 386 akamsimulia mambo hayo katika mazungumzo ya kawaida, na moyo wa Augustino ukachomwa. Ponticianus hakuwa padre wala askofu. Alikuwa mlei aliyemgeukia rafiki yake akamweleza alichokijua. Laiti angalinyamaza siku ile!

Sasa, wapendwa, kwa nini naliona jambo hili kuwa la haraka? Kwa sababu vijana wetu hawabaki nasi. Wanamaliza shule na kwenda mjini kutafuta kazi. Huko hakuna mama wa kuwaamsha Jumapili, wala katekista anayewajua kwa jina. Atakutana na anayemwuliza kwa nini anamheshimu Bikira Maria. Atakutana na anayemwahidi utajiri kwa chupa ya mafuta. Atakutana pia na bahasha juu ya meza ya ofisi. Siku hiyo atakuwa peke yake, na atajibu kwa yale tu yaliyokwisha kuwa mali ya moyo wake. Mafundisho aliyokariri ili apate kipaimara hayatamtosha, kama hajawahi kuyasema kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu wa rika lake.

Nimeitaja bahasha kwa makusudi. Huko Goma, Kongo, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya nyumbani, aliishi kijana aliyeitwa Floribert Bwana Chui. Alikuwa mwanajumuiya wa Mtakatifu Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Aliletewa rushwa ili aruhusu mchele ulioharibika upite uuzwe kwa wananchi. Alikataa. Akatekwa, akateswa, akauawa mwezi Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Kijana wetu anayefanya kazi bandarini, mpakani au kwenye mizani ya barabarani akimjua ndugu huyu, hatakuwa peke yake tena siku ya bahasha. Atajua kwamba inawezekana kukataa, na atajua pia gharama yake. Tusiwafiche gharama hiyo, kwa sababu utakatifu usio na gharama vijana hawauamini, na wana haki.

Ndiyo maana ninasisitiza swali la “kwa nini yeye?” Kijana anapomchagua mtakatifu wa kumpenda, anatuonyesha mahali anapopigana. Anayempenda Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyetekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, huenda anabeba jeraha ambalo hajamwambia mtu. Anayemchagua Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akilinda usafi wake, huenda ni binti anayesumbuliwa na mkubwa wake kazini au shuleni. Anayemtaja Mwenyeheri Isidore Bakanja, mfanyakazi wa Kongo aliyepigwa mijeledi kwa kukataa kuivua skapulari yake, akafa mwaka 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga, huenda ana bosi anayeidharau dini yake. Tukisikiliza kwa makini tutajua namna ya kuwasaidia. Tukiwapangia sisi mtakatifu wa kumpenda, tutasikia tu mwangwi wa sauti zetu wenyewe.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba vijana hawasomi, wanashinda kwenye simu. Mimi sioni kwamba simu ni adui. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alitumia kompyuta kukusanya na kueneza habari za miujiza ya Ekaristi, na tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na Pier Giorgio Frassati. Hata hivyo tutofautishe mambo mawili. Kusambaza picha ya mtakatifu yenye maua na maneno “Amina, tuma kwa watu kumi” si kushirikisha imani. Picha hiyo haijakugharimu kitu, wala haijasema lolote kukuhusu wewe. Kushirikisha ni kumwambia mwenzako: nilisoma jambo hili, likanisumbua, na tangu hapo nimejaribu kuishi hivi.

Pingamizi la pili ni kwamba vijana wakiachiwa waseme watapotosha mafundisho. Hofu hii si ya bure, lakini dawa yake tunayo katika Matendo ya Mitume. Apolo alikuwa hodari wa kunena, mwenye ari, ila elimu yake ilikuwa na upungufu. Priskila na Akwila, mume na mke, walei, hawakumnyang'anya nafasi ya kusema wala hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kando wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (taz. Mdo 18:24-26). Parokia yetu inawahitaji akina Priskila na Akwila. Kijana akikosea, mtu mzima mwenye subira amweleze kando. Kijana asiyesema kamwe hatakosea, lakini pia hatutajua alichokuwa akikiamini mpaka siku tutakaposikia kwamba ameshaondoka.

Pingamizi la tatu ni vitabu: ni ghali, tena havipatikani. Hili lina ukweli, hasa vijijini. Hata hivyo wachapaji wa Ndanda, Peramiho na Tabora, na Mabinti wa Mtakatifu Paulo wa Nairobi, kwa miaka mingi wametutolea vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya Wakristo wa kawaida. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti na kupokezanwa kinawatosha vijana 20. Nasi tunaochanga kwa ukarimu kununua sare za sikukuu hatushindwi kununua vitabu vitano kwa mwaka. Wala visiwe vya sala tu. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2024 barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, akieleza kwamba riwaya na mashairi hutufundisha kumsikiliza mwanadamu mwingine. Kijana anayesoma riwaya nzuri ya Kiswahili na kuijadili kwa mwanga wa Injili hajapoteza wakati wake.

Basi napendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo, mara moja kwa mwezi, kijana mmoja apewe dakika 10 za kumweleza mtakatifu wake au kitabu anachokisoma, na watu wazima wasikilize bila kumkatiza. Pili, mkutano mmoja wa vijana kila mwezi usiwe na ajenda ya mchango wa aina yoyote. Tatu, kila mzazi amsimulie mwanawe, kabla ya kipaimara, maisha ya mtakatifu ambaye jina lake amempa. Mzazi asiyeyajua, basi ayasome pamoja na mtoto. Hakuna aibu katika hilo.

Ninyi vijana nanyi msisubiri kualikwa. Denis hakusubiri kibali cha mtu yeyote ili amfundishe Mwafu. Yupo Mwafu wako darasani, kijiweni au kwenye daladala, naye anasubiri kusikia jambo ambalo wewe tayari unalijua.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee. Mungu awabariki nyote, niwatakie Dominika njema.