Tahadhari Gani?

Ndugu zangu, kila masika nasikiliza redio za nyumbani kwenye intaneti, na kila mara tangazo la mvua kubwa linaishia hapo hapo: wananchi wachukue tahadhari. Naomba kuuliza, tahadhari gani? Mama anayeishi bondeni Dar es Salaam aondoke saa ngapi, aende wapi, na vyombo vyake nani atavilinda?

Wakubwa wanasema watu wetu ni wabishi. Mimi niko Marekani, na hoja hiyo siikubali. Chicago, Julai 1995, joto lilifika nyuzi 41. Habari zilikuwa kwenye televisheni na magazetini, na bado walikufa watu 739 zaidi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao. Kuna waliofunga madirisha kwa kuogopa wezi, na kuna waliokuwa na kiyoyozi wakaogopa bili ya umeme. Huo ni ubishi?

Msomi Eric Klinenberg, katika kitabu chake cha 2002, alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote ina maskini, yote ina wazee wapweke. Lakini North Lawndale kiwango cha vifo kilikuwa mara kumi ya kile cha South Lawndale. South Lawndale maduka yalikuwa wazi na barabara zina watu, kwa hiyo mzee alitoka bila hofu akaingia dukani kupata ubaridi. Upande wa pili palikuwa na magofu na woga, mzee akajifungia ndani.

Joto liliporudi mwaka 1999, ingawa halikuwa kali kama lile, jiji lilipiga simu na kutuma watu kubisha hodi kwa wazee, na mabasi ya bure yakawapeleka penye ubaridi. Safari hiyo walikufa kama 110.

Sasa turudi kwetu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, na wapo waliorudi bondeni. Onyo walilijua kuliko mtangazaji! Riziki yao ilikuwa mjini, na nauli hawana.

Basi tangazo liitaje shule itakayofunguliwa usiku huo, na mgambo wa kulinda mali wawepo. Na sisi tulio nje, hodari wa kuchangishana rambirambi, tupige simu nyumbani mvua ikitabiriwa, tutume na nauli siku hiyo hiyo. Serikali za mitaa zinawajua wazee wao kwa majina. Nani kapangiwa kumgongea nani mlango masika yajayo?