Intaneti ikikatika, tazama waya kwanza

Mashoga zangu, kwa nini intaneti ya nyumbani ikikatika tunakaa kumngoja mume au fundi? Juzi biharusi wangu anangoja picha za mishono achague, nikate kitambaa, kompyuta ikagoma. Simu kwa Wi-Fi inapata, basi nikajua tatizo ni waya. Nyuma ya ruta, taa ya tundu lake imezimika. Nikauchomeka tundu jengine, kimya. Nikaufuata mpaka chini ya charahani: mguu wa meza umeukalia! Ndani mna nyuzi 8 nyembamba, hazistahamili. Nikatia waya mwengine, taa ikawaka. Haya tunayaweza wenyewe. Fundi tumwite kwa makubwa. Picha zikenda kabla ya Magharibi, alhamdulillah, naye akachagua mshono wa ghali.