Mpaka Hufungwa kwa Ugonjwa, Hufunguliwa kwa Ushahidi

Tarehe 12 Aprili 2025 Uingereza ilipiga marufuku wasafiri wanaotoka nchi za Umoja wa Ulaya kuingia na nyama, maziwa, siagi au jibini kwa matumizi yao binafsi. Hata mkate uliotiwa jibini ulipaswa kusalimishwa mpakani, na kwa kosa kubwa faini ingeweza kufika pauni 5,000. Sababu ilikuwa ugonjwa wa miguu na midomo, uliozuka Ujerumani mwezi Januari, kisha Hungaria na Slovakia mwezi Machi.

Nilipolizungumza jambo hili darasani, wanafunzi walicheka. Mimi sioni kichekesho. Ugonjwa huu si tishio kwa mlaji, lakini kirusi chake husafiri ndani ya nyama na maziwa mabichi, na kikifika zizini huenea kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2001 Uingereza iliua mifugo zaidi ya milioni 6 ili kuuzima, na uchaguzi mkuu ukasogezwa mbele kwa mwezi mmoja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Swali langu ni jingine. Kwa nini ugonjwa uleule ni dharura ya miezi michache kwa Ujerumani, lakini ni ukuta wa kudumu kwa mfugaji wa Monduli au Narok?

Jibu jepesi ni kwamba tunabaguliwa. Siwezi kulikataa lote, kwa maana kanuni za biashara huandikwa zaidi na wenye masoko. Hata hivyo, tutazame Ujerumani ilifanya nini. Ugonjwa ulithibitishwa tarehe 10 Januari katika kundi dogo la nyati wa maji jimboni Brandenburg, karibu na Berlin. Kundi lote likauawa, usafirishaji wa mifugo jimboni ukasimamishwa kwa saa 72, na ukaguzi ukafanywa katika eneo la kilomita 10 kuzunguka shamba hilo. Mwezi Machi Shirika la Afya ya Wanyama Duniani likairudishia hadhi sehemu kubwa ya nchi. Mwezi Aprili, sehemu iliyobaki.

Haikuwa huruma. Wajerumani waliweza kuonesha kila ng'ombe alipo, alikotoka na nani amempima. Sisi tunaishi na ugonjwa huu mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi tunaujua kwa kuona ng'ombe akichechemea na kutokwa na udenda. Ofisa mifugo mmoja huhudumia vijiji vingi bila usafiri wa uhakika. Karantini ikitangazwa, mnada hufungwa bila fidia, na mfugaji mwenye ada ya shule ya kulipa huuza usiku.

Mwaka 2025 Tanzania ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Naiunga mkono, lakini kwa tahadhari. Hapo awali hereni za utambuzi ziligeuka kuwa ugomvi, kwa sababu mfugaji alitakiwa kulipia kitu ambacho faida yake hakuiona. Hereni ikihesabiwa kuwa njia ya mapato, itakimbiwa. Serikali igharamie utambuzi kama inavyogharamia barabara, kwa kuwa manufaa yake ni ya umma. Chanjo nazo zilingane na aina za kirusi zinazozunguka kwetu. Chanjo ya aina moja haikingi dhidi ya nyingine. Na anayetoa taarifa mapema alipwe fidia, asiadhibiwe kwa ukweli wake.

Wenye masoko nao wana deni. Kanuni za kimataifa zinakubali kwamba maziwa yaliyopashwa joto la nyuzi 132 kwa angalau sekunde moja kirusi chake kimekufa. Basi pale kiwanda kinapothibitisha joto hilo, pasiwepo kisingizio cha kuyakataa maziwa hayo kwa hofu ya ugonjwa huu. Na kama mstari uliweza kuchorwa kuzunguka sehemu ya Brandenburg, uchorwe pia kuzunguka wilaya ya Afrika iliyojidhibiti.

Lakini hatutaweza kudai mstari huo kabla ya kujua ng'ombe wetu wako wapi. Kwa watumishi wa umma wanaonisoma: bajeti ya halmashauri ijayo ikifika mezani, anzeni na pikipiki ya ofisa mifugo na gharama za kupeleka sampuli maabara.