Kodi ya Mirathi na Wanaoondolewa Mzigo: Barua kwa Watu wa Kaptembwo

Lowell, Massachusetts

Kwenu wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wote wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru,

Mimi na wenzangu tulioko huku tu wazima, kazi yetu ya kuuguza wazee wa watu inaendelea, na baridi tumeizoea kwa kadiri mtu awezavyo kuizoea. Walakini barua hii si ya kujuliana hali. Nimekusudia kuwaandikieni habari ya jambo moja la siasa ambalo, kwa kulitazama miaka mingi katika nchi hii na kulilinganisha na yaliyopita kwetu, limenidhihirishia jinsi maneno ya huruma kwa yatima na wajane yanavyoweza kutumiwa kumnufaisha mtu asiyekuwa na haja ya huruma ya mtu yeyote. Jambo hilo ni ahadi ya kufuta kodi inayotozwa mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana.

Serikali ya Marekani iliiweka kodi hiyo mwaka 1916, na wanaoichukia huiita kodi ya kifo. Kila msimu wa uchaguzi ukiwadia utamwona mwanasiasa amesimama mbele ya ghala la mkulima, kando yake mzee mwenye mikono ya kazi, akieleza kwa sauti ya uchungu kwamba siku mzee huyu atakapofumba macho, watoto wake watalazimika kuliuza shamba la babu yao ili wailipe serikali. Picha hiyo hupenya moyoni, hasa moyo wa mtu kama mimi niliyezaliwa Bonde la Ufa, ambako ardhi imekuwa chanzo cha heshima na cha machozi pia. Lakini mwaka 2001 gazeti la New York Times lilipoutaka muungano mkubwa wa wakulima wa nchi hii, ambao ulikuwa mstari wa mbele kuipinga kodi hiyo, utaje japo shamba moja lililopotea kwa sababu yake, muungano haukuweza kulitaja hata moja.

Sababu yake si fumbo. Kodi hiyo haigusi mali yote ya marehemu, ila ile inayozidi kiwango kilichosamehewa, na kiwango chenyewe kimepandishwa na kupandishwa hata kikafika mahali ambapo, katika kila watu elfu moja wanaofariki hapa, hawafiki wawili ambao mali zao hutozwa. Mwaka 2010, kwa hila ya sheria iliyopitishwa mwaka 2001, kodi hiyo ilitoweka kwa muda wa mwaka mmoja, na katika mwaka huo akafariki Dan Duncan wa Houston, tajiri wa mabomba ya mafuta na gesi aliyekadiriwa kuwa na dola zipatazo bilioni 9, na warithi wake wakapata mwanya wa kutolipa kodi hiyo hata senti moja. Donald Trump aliahidi kuifuta kabisa alipogombea mwaka 2016. Hakuifuta, ila sheria ya mwaka 2017 ilikiongeza maradufu kile kiwango cha msamaha, na sheria aliyoitia sahihi tarehe 4 Julai 2025 imekifanya kuwa dola milioni 15 kwa mtu mmoja kuanzia mwaka 2026, yaani karibu shilingi bilioni 1.9 za Kenya, na mume na mke kwa pamoja dola milioni 30. Wazee ninaowauguza, ambao wengine walikuwa walimu na wengine mafundi wa viwandani, wameishi maisha yao yote bila kuukaribia utajiri wa namna hiyo, na nimewasikia baadhi yao wakiilaani kodi ambayo haitawagusa wao wala watoto wao.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nishike kalamu. Sheria ile ile ya Julai 2025, iliyomwondolea mzigo mrithi wa dola milioni 15, imeweka kodi mpya ya asilimia 1 juu ya fedha ambazo watu wa hapa hupeleka nchi za nje kwa noti taslimu au kwa hundi za kununuliwa dukani, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Katika rasimu ya kwanza ilikuwa asilimia 5, ikashushwa hadi asilimia 3.5, kisha ikatua hapo. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki ameponea. Anayetozwa ni yule mgeni ambaye hajapata akaunti, anayelipwa mkononi, anayekwenda dukani jioni ya mshahara na noti zake mfukoni ili mama yake apate dawa na mdogo wake arudi shuleni. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani takribani dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu yake ilitoka Marekani. Ndani ya kurasa za sheria moja, basi, mtoto wa tajiri amesamehewa na mtoto wa Kaptembwo amepatikana wa kuchangia pengo.

Huenda mtaniuliza, ndugu zangu, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa kuwa ahadi ambayo wanasiasa wa huku wanaihangaikia bado, ya kufuta kodi ya mirathi moja kwa moja, sisi tulitimiziwa zamani, na wengi wetu hatujui kama tulitimiziwa. Kenya ilikuwa na kodi hiyo. Ilikuwamo katika Sura ya 483 ya sheria zetu, na mwaka 1982, zamani za Rais Daniel arap Moi, Bunge likaifuta. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1985, ikasimamishwa pia kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza ardhi na majengo, ikalala miaka thelathini hadi iliporudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5. Nayo sasa, tangu mwaka 2023, ni asilimia 15, lakini mali inayopita kwa warithi katika kugawa mirathi imesamehewa. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ikasamehe kodi hiyo hiyo kwa ardhi inayohamishiwa mifuko ya amana ya familia iliyosajiliwa, jambo lililopita bila kelele, maana ni nani katika vyumba vyetu vya kupanga aliyekuwa na mfuko wa amana?

Basi zingatieni miaka ile. Mwaka 1982 ilikuwa imepita chini ya miaka ishirini tu tangu Uhuru, na ndani ya muda huo mashamba ya walowezi yalikuwa yamebadili wenyewe kwa njia mbili tofauti kabisa. Njia moja ilikuwa ya watu wadogo, waliochanga shilingi baada ya shilingi katika makampuni ya kununua ardhi kama Ngwataniro na Ndeffo, wakapewa karatasi za hisa, wakasubiri hatimiliki mpaka wengine wakazikwa hawajazipata. Njia ya pili ilikuwa ya wakubwa, waliopata mikopo na maekari kwa maelfu, na majina yao mnayajua kwa kuwa yamebandikwa kwenye shule na barabara. Na kando yao walibaki walowezi wachache ambao hawakuuza. Hata leo ukitoka Nakuru kuelekea Naivasha utapita Soysambu ya akina Delamere, yenye ekari zipatazo 48,000. Kodi ya mirathi ilipofutwa, kizazi cha kwanza cha matajiri wa Uhuru kilikuwa kinaingia uzeeni. Mimi sikuwamo katika nyoyo za wabunge wa siku zile, nami simtuhumu mtu kwa nia ambayo siijui. Nasema tu kwamba faida ya sheria ile ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa wale wa karatasi za hisa.

Maana mtu wa Kaptembwo akifa, warithi wake huachiwa kodi nyingine zisizoandikwa katika sheria yoyote ya kodi. Nawakumbusha habari ya jirani yetu mmoja, sitamtaja jina, aliyeacha ploti moja yenye vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua, choo kimoja cha wapangaji wote, na mjane na watoto. Kwanza ilitakiwa barua ya chifu yenye majina ya warithi, na kabla ya barua zikawako safari na «chai» ya huyu na yule. Kisha likaja suala la wakili na ada za mahakama, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali ambalo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kulifungua, na siku thelathini za kungojea pingamizi. Ikawapasa kukaa miezi sita kabla ya hati kuthibitishwa, ambayo kwao ikawa miaka. Ikaonekana kwamba ploti ilikuwa bado katika jina la mtu aliyemuuzia marehemu, naye amekwisha fariki pia, kwa hiyo mirathi moja ikazaa mirathi mbili. Alipoitwa mpima ardhi, alitaka malipo yake. Na malimbikizo ya ada za ploti yakawa yanawangoja kwenye ofisi za baraza. Mwishowe walikiuza kile kipande kwa bei ya kutupa kwa mtu mwenye uwezo wa kungojea, wakagawana kilichobaki, na mama yule sasa ni mpangaji katika mtaa ambamo alikuwa mama mwenye nyumba.

Laiti kungekuwa na mwanasiasa wa kulililia jambo hili! Hapa ndipo yatima na mjane, wale wale wanaotajwa majukwaani, wananyang'anywa urithi wao kweli, tena si na kodi ya mirathi, kwa kuwa haipo. Na fedha nyingine za marehemu wetu, za benki, za simu, za pensheni na za hisa, zimelala katika Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, zikiwangoja warithi ambao hawana nauli wala hati ya kuzidai.

Wako watu waadilifu wanaosema kwamba si haki kumtoza mtu kodi alipokuwa hai kisha kumtoza tena amekufa. Hoja hii ina uzito kwa mwalimu aliyekatwa kodi katika mshahara kila mwezi na kuacha nyumba moja. Lakini utajiri mkubwa wa kwetu haukutokana na mishahara. Ni ardhi iliyopatikana kwa bei ya miaka ya 1960, ikapanda thamani mara mamia kwa sababu umma ulijenga barabara karibu yake na mji ukaisogelea, na ongezeko hilo kwa sehemu kubwa halikutozwa, wala mwenyewe alipokuwa hai wala alipofariki. Na mwenye ploti wa Kaptembwo anayehofu kwamba kodi ikirudi itaanza na yeye, hofu yake naielewa, kwa maana amekwisha kuona ya kutosha. Yamkini, hata hivyo, kiwango cha msamaha kikawekwa juu sana kuliko ploti yake na ploti za jirani zake wote, kama kilivyowekwa huku. Wengine watasema serikali itaziiba hizo fedha. Huenda. Ila serikali hiyo hiyo haikusita mwaka 2023 kupandisha kodi ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16, na ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15, na mwaka 2024 ikataka kuutoza mkate, kisha ikaliacha hilo, na damu ya vijana ikamwagika barabarani ndipo mswada wote wa fedha ukaondolewa. Penye njaa ya mapato, asiyetozwa humwachia mwenziwe atozwe.

Mwaka 2027 watakuja tena na magari na vipaza sauti. Wakisema watawakinga na kodi za mali na urithi, waulizeni kwa adabu wataje familia ngapi za Kaptembwo, Rhonda na Shabab zinazokingwa, na kila mmoja aliyepo uwanjani ajihesabu. Waulizeni ni nani atakayeifanya mirathi ya ploti moja imalizike ndani ya mwaka mmoja, bila wakili na bila «chai». Msikubali jibu la jumla.

Nasi tulioko huku tumeafikiana kuchanga, ili mwezi wa Desemba wakili aje akae na watu siku chache hapo mtaani. Nawaomba wazee wa nyumba kumi waanze sasa kuandika familia zilizo na ploti katika jina la marehemu, na kila familia itafute cheti cha kifo, karatasi ya hisa au mkataba wa mauziano, na vitambulisho vya warithi wote, mabinti walioolewa wakiwamo. Orodha ikiwa tayari, ipelekwe kwa yule mama wa kanisa mnayemjua, naye atatutumia.

Ndimi ndugu yenu wa Lowell