Maradhi ya Mifugo Hayangoji Saa za Kazi

Katika wilaya ya Bariadi, kama kwingineko mkoani Simiyu, mbwa si pambo la nyumba. Ni mlinzi wa zizi na mwenzi wa mchungaji. Je, mbwa huyo akiumwa na nyoka usiku wa manane, au akianza kutokwa mate na kushambulia watu siku ya Jumapili, mwenyewe amkimbilie nani hali ofisi zimefungwa?

Hili si jambo la mnyama peke yake. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamjitokeza binadamu, hakina tiba. Kiokoacho ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji tele kwa dakika 15, kisha kuwahi chanjo. Dunia imeazimia kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030.

Hospitali zina zamu za usiku. Yafaa halmashauri nazo ziwapangie maofisa mifugo zamu, ziwape usafiri na dawa, na namba ya simu ya aliye zamu ibandikwe katika kila shule na ofisi ya kijiji. Walimu na watumishi wa umma nao watangulie kuwachanja mbwa wao. Uongozi ni kuonyesha njia.